Kupanda Malisho ya Kulungu Kusini mwa Marekani: Kwa Nini Mbegu Ni Swali la Mwisho

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Agosti, familia nyingi zenye ardhi ya kuwindia katika jimbo la Georgia hulima vishamba katikati ya misitu yao, huvitia chokaa na mbolea, huvipanda ngano, oti (nafaka ya nchi za baridi) na klova (mmea wa malisho wa jamii ya kunde), kisha huwaacha wanyamapori waje wavile. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambako mkulima hukesha ulingoni kuwafukuza nguruwe-mwitu na nyani, na ambako Kenya iliufunga uwindaji mwaka 1977, huenda akaiona desturi hii kuwa kinyume cha mambo. Hata hivyo ina mantiki yake, na ni kazi ya kilimo yenye utata kuliko inavyoonekana. Utata huo mara nyingi hufichwa na swali ambalo karibu kila anayeanza huliuliza kwanza, yaani anunue mbegu gani. Mbegu zina umuhimu wake, lakini kuna mambo manne yanayopaswa kuamuliwa kabla yake: lengo la shamba, hali ya udongo, tarehe ya kupanda na idadi ya kulungu walioko. Anayeyapuuza hayo hupoteza fedha hata akinunua mbegu bora kuliko zote.

Mnyama anayezungumziwa hapa ni kulungu mkia-mweupe. Tofauti na swala na pongo wa Afrika, ambao pembe zao hudumu maisha yote, dume wa kulungu huyu huangusha pembe zake kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na kuotesha nyingine kuanzia majira ya kuchipua. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa karibu kutoweka katika sehemu kubwa ya Georgia kwa sababu ya uwindaji wa kibiashara usio na mipaka na ukataji wa misitu. Kuanzia mwaka 1928 kulungu walirudishwa jimboni kidogo kidogo kutoka sehemu nyingine, sheria zikakazwa, na leo Georgia inakadiriwa kuwa nao zaidi ya milioni 1. Kisheria mnyama huyu si mali ya mwenye ardhi, kwa kuwa jimbo ndilo linalomshikilia kwa niaba ya wananchi wote. Mwenye ardhi anamiliki miti, udongo na haki ya kuruhusu au kuzuia watu kuingia, na ndiyo maana familia isiyoweza kummiliki kulungu huelekeza jitihada zake katika kitu inachoweza kukimiliki, ambacho ni shamba linalomvuta.

Neno “kumvuta” ndilo linalotenganisha aina mbili za mashamba ambazo watu huzichanganya. Kuna shamba la kulisha, ambalo huwa kubwa, mara nyingi ekari 2 au zaidi, hupandwa mimea ya kudumu au ya kupokezana ili kuwe na kijani karibu mwaka mzima, na mara nyingi haliwindwi kabisa. Pia kuna shamba la kuwindia, ambalo linaweza kuwa robo ekari tu ndani ya msitu, lengo lake likiwa kumfanya kulungu apite mahali fulani kabla ya giza kuingia. La kwanza hupimwa kwa afya ya majike na ndama, na la pili kwa mahali pa ulingo na mwelekeo wa upepo. Familia yenye ekari 80 inayopanda vishamba viwili vya robo ekari na kuamini kwamba inajenga pembe kubwa inajidanganya. Inachofanya ni kupanga mahali pa kukutana na mnyama, jambo ambalo ni halali na la maana, lakini si lishe. Eneo analozungukia kulungu mmoja hufikia mamia ya ekari, kwa hiyo sehemu kubwa ya anachokula hutoka kwingine, pengine kwa jirani.

Ili kuelewa nafasi ya shamba la Oktoba, ni lazima kuifahamu kalenda ya tumbo la kulungu. Ingawa ni mcheuaji kama ng'ombe, tumbo lake la kwanza ni dogo kwa kulinganisha, na halimwezeshi kuishi kwa majani makavu ya nyasi. Yeye huchagua vichipukizi vya miti, majani ya vichaka, magugu laini yenye majani mapana na matunda. Katika vilima vya katikati ya Georgia kuna nyakati mbili za upungufu. Ya kwanza ni mwisho wa kiangazi, Agosti na Septemba, wakati majani ya msituni yameshakomaa na kuwa magumu huku majike wakiwa bado wananyonyesha. Ya pili ni mwisho wa majira ya baridi, Februari na Machi, wakati vichipukizi vipya havijatoka. Kati ya nyakati hizo huanguka matunda ya mialoni, yenye wanga na mafuta mengi, na hapo ndipo wawindaji wengi hushangaa. Mialoni ikizaa vizuri, shamba zuri la oti huweza kubaki tupu Oktoba nzima, kwa sababu kulungu wako chini ya miti wakiokota matunda, hasa yale ya mwaloni mweupe ambayo hayana uchungu mwingi wa tanini kama ya mwaloni mwekundu. Mwenye shamba huilaumu mbegu, ilhali wanyama wamekwenda tu penye chakula wanachokipenda zaidi.

Kwa maoni yangu, hii ni sababu ya kutosha ya kuacha kuliangalia shamba la majira ya majani kupukutika kama mtego wa Oktoba. Faida yake kubwa kwa mnyama huanza matunda ya mialoni yanapokwisha, kuanzia Desemba hadi Machi. Wakati huo madume wametoka katika msimu wa kupandana, ambao katika sehemu kubwa ya katikati ya Georgia hufikia kilele kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba, na dume aliyekuwa akikimbiza majike kwa majuma kadhaa huweza kupoteza hadi robo ya uzito wake. Majike nao wana mimba. Shamba lililo kijani Februari linawasaidia wote wawili, hata kama msimu wa bunduki umeshafungwa.

Baada ya lengo huja udongo, na hapa ndipo fedha nyingi huzikwa. Vilima vya Georgia vilipandwa pamba kwa vizazi vingi hadi mvua ikasomba sehemu kubwa ya udongo wa juu, na kilichobaki mahali pengi ni mfinyanzi mwekundu wenye tindikali, wenye pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali ikizidi) ya karibu 5, uliofunikwa na misonobari iliyopandwa kwa ajili ya mbao na karatasi. Katika udongo wa namna hiyo alumini huyeyuka na kuumiza mizizi, fosforasi hushikwa na madini isiweze kufyonzwa, na bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya klova hudhoofika. Mbolea inayomwagwa juu yake kwa sehemu kubwa haimfikii mmea. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, na kiasi cha chokaa hakikisiwi. Mwenye shamba huchota udongo wa kina cha sentimeta 15 hivi kutoka sehemu 10 hadi 15 za kishamba, huuchanganya ndani ya ndoo safi, kisha hupeleka sampuli katika ofisi ya ugani ya wilaya iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Georgia, ambako kwa ada ya dola chache hupimiwa na kuambiwa aongeze nini na kwa kiasi gani. Mtandao huu wa maofisa ugani waliounganishwa na vyuo vikuu vya majimbo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1914. Kwangu mimi, ndiyo huduma yenye thamani kubwa kuliko bei yake katika shughuli hii yote, na wengi huiruka ili wakanunue gunia lenye picha ya dume mwenye pembe kubwa.

Majibu ya kawaida kwa udongo mkali wa namna hiyo ni tani 1 hadi 3 za chokaa kwa ekari, lengo likiwa kufikisha pH kati ya 6 na 7. Tatizo ni kwamba chokaa haifanyi kazi kwa siku moja. Huhitaji unyevu, kuchanganywa na udongo na miezi kadhaa, kiasi kwamba chokaa ya shamba la Septemba ilipaswa kuwekwa mwanzoni mwa mwaka. Kwa sababu hiyo kazi hii inahitaji uhakika wa umiliki. Katika majimbo ya kusini ziko familia nyingi, hasa za Wamarekani weusi, zinazomiliki ardhi kwa pamoja kama warithi bila mgawanyo wala hati mpya, na kila mrithi, hata aishiye mbali, ana sehemu yake katika ardhi yote. Atakayelipia chokaa ya tani kadhaa leo huifaidi kwa miaka mitatu au minne ijayo, na kama ndugu hawajaelewana nani anaamua na nani anachangia, shamba huishia kupandwa kwa pupa kila Septemba bila udongo kutengenezwa. Makubaliano ya maandishi baina ya ndugu ni sehemu ya matayarisho sawa na trekta.

Tarehe nayo ina mitego yake. Katika majimbo ya kaskazini kama Michigan na Wisconsin, ambako jalidi huanza mapema, mimea ya jamii ya kabichi hupandwa kuanzia mwisho wa Julai hadi katikati ya Agosti, na nafaka hufuata hadi katikati ya Septemba. Mtu wa Georgia akizifuata tarehe hizo atapanda katika joto kali, na kwa kawaida atakutana na adui ambaye msomaji wa Kiswahili anamfahamu vizuri mno, yaani viwavijeshi vamizi. Mdudu huyu aliyeonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika katika mahindi ya Kenya na Tanzania mwaka uliofuata asili yake ni mabara ya Amerika. Nchini Marekani hastahimili baridi ya kugandisha, hivyo huvuka majira hayo katika sehemu zenye joto za kusini mwa Florida na Texas, kisha nondo wake huruka kuelekea kaskazini kila mwaka, kizazi baada ya kizazi. Mwisho wa kiangazi huwa wamefika Georgia kwa wingi, na kishamba cha ngano changa kilichopandwa mwishoni mwa Agosti huweza kuliwa kikaisha ndani ya siku chache kabla kulungu yeyote hajakiona. Katikati ya jimbo, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba ni wakati salama zaidi, ingawa nao una kasoro yake kwa kuwa Oktoba huwa na ukame. Mwenye busara huandaa ardhi mapema, huacha mbegu ghalani, na hupanda siku moja au mbili kabla ya mvua inayotabiriwa kwa uhakika, badala ya kuishikilia tarehe iliyoandikwa kwenye gunia.

Sasa mbegu. Mchanganyiko usiokuwa na mbwembwe unaofaa sehemu kubwa ya kusini ni nafaka ya msimu wa baridi pamoja na klova ya mwaka mmoja. Oti ndiyo inayopendwa zaidi na kulungu ikiwa changa, lakini hufa baridi ikiwa kali. Ngano hustahimili zaidi, na rai ya nafaka huvumilia kuliko zote, huota hata katika udongo uliokwisha kupoa na haichagui sana ubora wa ardhi. Rai hiyo isichanganywe na nyasi za rai za malisho ya ng'ombe, ambazo huuzwa kwa bei rahisi, hujazwa katika baadhi ya michanganyiko na zikishamea mahali huwa magugu magumu kuyaondoa. Klova krimsoni huongezwa kwa sababu hukamilishana na nafaka. Nafaka hutoa chakula mwezi wa kwanza na kuikinga klova ikiwa changa, na klova huchukua nafasi nafaka inapokomaa kuelekea Machi na Aprili. Kiasi cha kilo 20 hadi 25 za ngano au oti pamoja na kilo 5 hadi 7 za klova kinatosha ekari moja. Nafaka ikipandwa peke yake inaweza kufika kilo 45, lakini anayepanda kilo hizo zote na kuiongezea klova humfanya mkubwa amnyime mdogo mwanga.

Tanipu, figili na rapa zina sifa zao, hasa kaskazini. Huzaa chakula kingi kwa eneo dogo, na baridi huzifanya zihifadhi sukari zaidi kwenye majani na mizizi, hivyo kulungu aliyezipita Oktoba huzirudia Desemba. Mbegu zake ni ndogo mno, na kilo 2 hivi za tanipu hutosha ekari nzima, jambo ambalo wanaoanza hawaliamini, wakamwaga mara tatu ya kiasi hicho na kuvuna majani membamba yaliyobanana. Zinahitaji naitrojeni nyingi, na hazipaswi kurudiwa katika udongo uleule mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya magonjwa ya mizizi. Kulungu ambao hawajawahi kuziona huweza kuchukua msimu mmoja au miwili kabla ya kuzizoea.

Kuhusu magunia yenye majina ya kuvutia, nashauri kusoma lebo badala ya picha. Sheria ya shirikisho ya mbegu ya mwaka 1939, pamoja na sheria za majimbo, inalazimisha lebo itaje aina za mbegu, usafi wake na kiwango cha kuota. Mara nyingi msomaji makini atagundua kwamba anauziwa oti na ngano zilezile za duka la wakulima kwa bei ya juu, au kwamba karibu theluthi ya uzito wa klova ni ganda la unga lililofunika mbegu. Ganda hilo si udanganyifu, kwani mara nyingi lina bakteria wa mizizi, lakini kipimo cha kupanda lazima kirekebishwe. Mbegu isiyo na ganda huchanganywa na unga wa bakteria wanaofaa klova hiyo muda mfupi kabla ya kupandwa, bila kuachwa juani.

Upandaji wenyewe hauna siri kubwa. Nafaka hufukiwa kina cha sentimeta 2 hadi 3, na klova au tanipu zisipite nusu sentimeta. Kwa hiyo hutawanywa kwa awamu mbili: nafaka kwanza, haro (chombo cha meno cha kusawazisha udongo) hupita juu yake, kisha mbegu ndogo humwagwa juu ya udongo uliokwisha kulainishwa na kushindiliwa kwa roli au hata kwa magurudumu ya gari.

Jambo linaloharibu mashamba yaliyoandaliwa vizuri ni hesabu ya midomo. Kulungu mzima hula kilo 2 hadi 3 kwa siku. Chukulia kwamba kulungu 15 wanalitembelea shamba la nusu ekari na kupata nusu tu ya chakula chao pale. Hao huondoa karibu kilo 20 kila siku, wakati mimea ina urefu wa vidole viwili na haijawa na mizizi ya kutosha kuchipua tena. Shamba hilo litaonekana kana kwamba halikuota kabisa. Ili kujua ukweli, mwenye shamba huweka katikati yake kizimba cha waya chenye upana wa mita moja hivi siku ileile ya kupanda. Kama ndani ya kizimba mimea inafika magotini na nje ni udongo mtupu, tatizo ni idadi ya kulungu. Kama ndani na nje pamedumaa sawasawa, tatizo ni udongo au mvua. Sijaona chombo rahisi kuliko hiki kinachomaliza ubishi wa familia nzima.

Ikiwa idadi ndiyo tatizo, kuongeza eneo husaidia kwa kiasi, lakini jibu kamili ni kuvuna majike. Kwa miaka mingi kanuni za Georgia zimemruhusu mwindaji hadi kulungu 12 kwa msimu, madume wenye pembe wasizidi 2, na mgawanyo huo unaonyesha nia ya jimbo waziwazi. Familia inayopiga dume mmoja kila mwaka na kuwaachia majike wote kwa kuwaonea huruma inaendelea kujaza msitu midomo ambayo hakuna kishamba kitakachoitosheleza. Msitu wenyewe nao una nafasi kubwa ya kulisha kuliko shamba. Kupunguza misonobari iliyobanana ili mwanga ufike chini, pamoja na moto unaowashwa kwa mpango katika miezi ya baridi, huotesha vichaka na magugu laini kwenye makumi ya ekari kwa gharama ndogo.

Mahali pa ulingo huamuliwa kabla ya trekta kuingia. Kulungu hutegemea pua kuliko macho, na shamba ambalo mwindaji hawezi kulifikia bila harufu yake kupeperushwa hadi wanakolala wanyama halifai kuwindiwa, hata likiwa na klova nzuri namna gani. Ndiyo maana vishamba vya kuwindia hufanywa virefu na vyembamba, vyenye njia ya kuingilia upande usio na maficho, na huachwa vipumzike upepo unapogeuka. Shamba linalokaliwa kila jioni huwafundisha kulungu kuja usiku tu.

Swali la kisheria huzuka mara kwa mara, kwamba kuna tofauti gani kati ya shamba na mahindi yaliyomwagwa chini kama chambo. Majimbo hutofautiana sana kuhusu chambo, lakini mmea ulioota mahali pake kwa kawaida hauhesabiwi kuwa chambo. Mwaka 2019 Michigan ilipiga marufuku kulisha na kutega kulungu kwa chambo katika rasi yake ya kusini, huku mashamba ya malisho yakiendelea kuruhusiwa. Sababu yake ilikuwa ugonjwa sugu wa kukonda wa kulungu, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967 na ambao leo umeonekana katika zaidi ya majimbo 30. Husababishwa na protini zilizojikunja vibaya, huenea kwa mate, mkojo na kinyesi, hudumu kwenye udongo kwa miaka, na hauna tiba. Georgia ilithibitisha mnyama wa kwanza mwenye ugonjwa huo Januari 2025, katika wilaya ya Lanier. Lundo la mahindi hukutanisha vinywa mahali pamoja, ilhali shamba huvitawanya zaidi, ingawa kishamba kidogo sana chenye kulungu wengi hukaribia kuwa lundo. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea shamba moja pana kuliko vipande vingi vidogo katika maeneo yenye maambukizi. Mwenye kuwinda njiwa katika shamba hilohilo naye asome kwanza kanuni za shirikisho za ndege wahamao, kwa kuwa mbegu zilizotawanywa juu ya ardhi zinaweza kumtia hatiani.

Msimu ukifungwa Januari, shamba lisilimwe. Klova krimsoni huchanua Aprili na kuangusha mbegu zake, na ikiachwa hadi ikauke yenyewe, sehemu ya mbegu hizo huota tena zikipata mvua za Septemba. Mabua ya rai yanayolazwa kwa roli mwishoni mwa majira ya kuchipua hufunika udongo na kuyazuia magugu kiangazi chote. Mwenye shamba anayefanya hivyo hurudia kupima udongo kila baada ya miaka miwili au mitatu, huongeza nafaka tu kabla ya mvua ya Septemba, na gharama yake ya mwaka wa tatu huwa sehemu ndogo ya ile ya mwaka wa kwanza.